Madai ya fidia kwa njia ya mtandao: mfumo mwepesi kwa karani, mzito kwa aliyeumia

Ninatunza majalada ya wafanyakazi katika karakana ya useremala hapa Wete, na tangu kampuni ya bima tunayoitumia iache kupokea madai ya fidia kwa karatasi, nimekwishapeleka madai matatu kwa njia ya mtandao. Ninawaandikia waajiri wenzangu kwa sababu Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya Zanzibar, Namba 15 ya mwaka 1986, inamtwika mwajiri mzigo wa fidia ya aliyeumia kazini, na ule Mfuko wa Fidia ulioanza kazi Tanzania Bara mwaka 2015 hautuhusu sisi wa Unguja na Pemba.

Wepesi wake sitaukana. Zamani jalada lilitoka Wete kwa gari hadi Mkoani, likapanda boti kwenda Unguja ndani ya bahasha aliyokabidhiwa yeyote anayesafiri, na likionekana limepungukiwa na muhuri mmoja, lilirudi kwa njia ile ile. Sasa namba ya dai hutoka kabla sijainuka kitini.

Penye kasoro ni kwenye fomu yenyewe. Dai la pili lilikuwa la fundi ambaye msumeno wa umeme ulimkata pingili mbili za kidole cha shahada, mkono wa kulia. Fomu ya karatasi ilikuwa na mchoro wa kiganja, daktari akapiga mstari pale palipokatika, basi. Mfumo huu unatoa orodha ya kuchagua, na orodha hiyo inaishia kwenye neno “kidole”, bila kuuliza ni kipi wala kimebaki kiasi gani, ilhali fidia ya ulemavu wa kudumu hukadiriwa kwa asilimia, na kidole cha shahada hakilingani na cha mwisho. Ilinibidi niyaeleze hayo kwenye kisanduku cha “maelezo mengine”, ambacho sina hakika kama kuna anayekisoma. Cheti cha daktari nacho bado hujazwa kwa mkono na kupigwa muhuri wa wino, kisha mimi ndiye nikipige picha. Kwa hiyo karatasi haijaondoka, imehamia mezani kwangu.

Linalonikera zaidi ni kwamba akaunti ni ya mwajiri peke yake. Fundi alinijia mara nne, mkono umefungwa bendeji, kuuliza dai lake limefika wapi, na kila mara nilimgeuzia kioo cha kompyuta asome neno lile lile, “Linashughulikiwa”. Ujumbe mfupi huja kwenye simu yangu, kana kwamba aliyeumia ni mimi. Mara ya nne aliniomba nimwandikie namba ya dai kwenye kipande cha karatasi, akakikunja na kukitia ndani ya kofia yake.

Kwa atakayeanza kuutumia, apige picha za vyeti mchana penye mwanga, kwani picha yenye kivuli hukataliwa bila ya kuelezwa sababu, na aandike kwa maneno kila kiungo kilichoumia, hata kama orodha haikumuuliza.