xxd: uzoefu wangu wa kuchungulia faili baiti kwa baiti

Kusema ukweli hii xxd, programu ya kuonyesha baiti za faili, ndo kitu cha kwanza nakimbilia faili likigoma na hujui tatizo liko wapi. Inakuja pamoja na Vim (edita ya maandishi), unafungua terminali unaandika xxd na jina la faili basi. Kushoto inakupa namba ya mahali ulipo ndani ya faili, katikati baiti 16 kila mstari kwa heksadesimali (namba za 0-9 na a-f), kulia herufi zake, na kisichosomeka kinawekewa nukta.

Nilianza kuipenda kwa sababu ya faili moja la CSV (jedwali la maandishi linalotenganishwa kwa koma), skripti inang'ang'ania safu ya kwanza haipo wakati mi naiona hapo hapo kwa macho, kwenye edita kila kitu safi. Nikapiga xxd -l 64 ili nione baiti 64 za mwanzo tu, nakuta faili linaanza na ef bb bf, hiyo ni BOM ya UTF-8, yaani alama ya mwanzo wa faili inayoonyesha usimbaji wa maandishi, haionekani lakini ipo na skripti ilikua inaihesabu kama sehemu ya jina la safu!! Edita nyingi zinakuficha vitu kama hivi, mara 0d 0a za Windows mwisho wa mstari, mara c2 a0 ambayo ukiitazama ni kama nafasi ya kawaida ila ya kawaida ni 20. xxd haikufichi chochote.

Na faili lenye jina la uongo unalijua hapo hapo. PNG ya kweli inaanza 89 50 4e 47, JPEG ff d8 ff, PDF unasoma kabisa %PDF, docx utakuta PK maana kwa ndani ni zip. Ukiweka -s -16 unapata baiti 16 za mwisho, kama ni PNG na huoni IEND (alama ya mwisho wa PNG) kuna uwezekano mkubwa ilikatika wakati wa kudaunlodi.

hexdump, programu nyingine ya kazi hiyo hiyo, pia nzuri ila weka -C, bila hiyo kwenye kompyuta nyingi baiti zinakuja mbilimbili zimegeuzwa, mgeni anapotea kabisa.

Kuhariri inawezekana, unabadilisha matokeo yake halafu unarudisha kwa xxd -r, ila inasoma upande wa heksa tu, ukigusa herufi za kulia hakibadiliki kitu. Na faili kubwa pitishia kwenye less (programu ya kusoma ukurasa kwa ukurasa) la sivyo mistari itamwagika mpaka ubonyeze Ctrl-C.