Kinyago cha nzi kwa farasi mzee mwenye uvimbe jichoni: uzoefu wangu wa miaka mitatu

Nianze na kasoro, maana sifa zake zimejaa kwenye pakiti: kinyago hiki kilinifanya niache kumtazama farasi wangu usoni. Nimekitumia miaka mitatu, nimeshachakaza viwili, niko kwenye cha tatu, na kikiisha nitanunua kingine. Lakini anayetaka kumnunulia farasi mwenye ngozi nyeupe kuzunguka macho, au ambaye tayari ana uvimbe, asome kwanza yaliyonikuta.

Baka ni dume aliyehasiwa, ana miaka 27. Jina alilipata kwa baka jeupe linaloanzia kwenye paji la uso na kumwagikia upande wa kulia hadi likafunika jicho zima. Ngozi ya chini ya baka hilo haina rangi, ni ya waridi kama ufizi, na hata nywele za kope za upande huo ni nyeupe. Miaka yote nililiona kama pambo. Kumbe ndipo jua lilipokuwa likipenyea.

Kinyago chenyewe ni cha wavu, kina mifuko ya masikio, kinafungwa kwa velkro mbili chini ya taya, na mbele ya kila jicho wavu umeshonwa kwa mikunjo ili utune usiguse kope. Pakiti inasema wavu huo unazuia asilimia 80 ya miale mikali ya jua. Mimi sikuwa na habari na miale. Nilikuwa nimechoka kuona nzi wamejazana kwenye kona za macho yake, naye anatikisa kichwa kutwa nzima kama anayekataa jambo. Siku ya kwanza nilipomvika, ndani ya dakika kumi alitulia, akainamisha kichwa, akaanza kula. Kwa kazi ya nzi sina malalamiko hata kidogo.

Tatizo lilikuwa mimi. Kwa kuwa kinyago kilifanya kazi, nikakiacha usoni. Asubuhi nilipita, nikakinyoosha kilipopinda, nikahakikisha masikio yamo mifukoni, nikaenda zangu. Nilikuwa nakikagua kinyago, farasi simkagui. Nilikivua kilipochafuka tu, na wavu mweusi hauonyeshi uchafu upesi.

Siku nilipokivua nikifue, niliona tongotongo kona ya ndani ya jicho la kulia, na nyuma yake kitu cha waridi, kibichi, ukubwa wa kichwa cha kiberiti. Si laini, kilikuwa na vinundu vinundu. Wahenga walisema ukipenda chongo huita kengeza. Mimi uvimbe niliuita tongotongo, kesho yake nikauita vumbi, kisha nikasema ni alama ya kuumwa na nzi, na siku kumi na moja zikapita hivyo.

Daktari wa mifugo alipofika aliuliza, "Hiki mnakivua mara ngapi?"

"Kikichafuka, daktari."

Hakunijibu. Alikitundika kwenye msumari wa banda akavaa glovu.

Alimdunga Baka dawa ya kumtuliza, akamtia ganzi, akakata kipande kidogo kipelekwe maabara. Nilimwuliza kwa nini asinipe marhamu tukajaribu kwanza. Akaniambia kwamba vitu vitatu huweza kufanana kabisa kwa macho: saratani, nyama inayoota juu ya kidonda cha kawaida, na kidonda cha minyoo ya Habronema, ambayo nzi huiacha kwenye kona za macho. Kila kimoja kina tiba yake. Tena akanikataza, kwa ukali kidogo, nisije nikatia dawa ya jicho iliyobaki kabatini: nyingi zina steroidi, dawa ya kutuliza wekundu na mwasho, na kama kuna mchubuko kwenye kioo cha jicho, steroidi inaweza kuugeuza kuwa janga la siku mbili. Ninayo chupa ya namna hiyo. Nilikuwa nimeshaifikiria.

Majibu yalikuja: saratani ya seli bapa, ambayo ndiyo uvimbe wa macho unaowapata farasi zaidi ya mwingine wowote. Hupenda mahali pasipo na rangi, hupenda farasi waliokwisha kula chumvi nyingi, na jua ni mshirika wake mkubwa. Kuna uzao mwingine wenye balaa la kurithi juu ya hilo la jua. Mwaka 2017 watafiti walionyesha kwamba farasi wa uzao wa Haflinger wanaorithi kasoro ya jeni ya DDB2 kwa baba na kwa mama wako kwenye hatari kubwa zaidi. Jeni hiyo kazi yake ni kusaidia seli kurekebisha uharibifu unaoletwa na miale. Kama unaye Haflinger, nywele chache zilizong'olewa na mizizi yake zinatosha kupimwa, usingoje afike umri wa Baka.

Kwa Baka uvimbe ulikuwa umekaa kwenye kope la tatu, ule utando unaochomoza kutoka kona ya ndani farasi anapopepesa. Lilikatwa lote, mwenyewe akiwa amesimama, kichwa kimeegemezwa juu ya marobota. Upasuaji ulikuwa wa muda mfupi kuliko nilivyoogopa. Kilichonitoa jasho ni dawa za baada yake.

Ambaye hajawahi kumtia farasi dawa ya jicho hajui nguvu ya kope lake. Akiamua kulifumba, vidole vya binadamu havilifumbui. Daktari alipitisha kijibomba chembamba kwenye kope la juu, akakishonea kwenye paji la uso, akakisukia ndani ya nywele za shingo mpaka karibu na bega, na mwishoni akaweka kizibo cha mpira. Unasimama begani, mbali kabisa na jicho, unadunga dawa kwenye kizibo, kisha unaisukuma kwa hewa polepole. Unasubiri. Baada ya sekunde kadhaa Baka hupepesa mara moja, na tone hutokeza kwenye kona ya jicho likateremka shavuni. Hapo ndipo unajua imefika. Dawa yetu ilikuwa mitomycin, ambayo ni dawa ya saratani hasa, kwa hiyo glovu kila mara, na shavu lake kulifuta ili nywele zisinyonyoke. Mara nne kwa siku, wiki moja ya dawa, wiki moja ya kupumzika, kisha tena. Usiku nilikuwa naweka saa iniamshe. Alishanizoea kiasi kwamba alikuwa anapiga miayo mimi nikitafuta kizibo gizani.

Na hapa niseme jambo ambalo pakiti haisemi: kinyago hiki si cha baada ya upasuaji. Ni wavu. Farasi anayewashwa atajisugua kwenye goti lake au kwenye nguzo, na wavu utabonyea hadi kwenye mshono. Wiki zile daktari alimvika kingine chenye kikombe kigumu cha plastiki juu ya jicho, na ndicho kilichookoa kijibomba. Nimeona watu wakimvalisha mgonjwa cha wavu wakidhani mambo yamekwisha. Hapana.

Alipopona tukarudi kwenye cha wavu, safari hii kwa ajili ya jua, na nikaanza kukijua vizuri. Farasi akizeeka, juu ya macho hubonyea mashimo mawili, nyama ya uso hupungua, na kinyago kilichomkaa barabara miaka mitatu iliyopita leo kinacheza. Baka nilimshusha kutoka saizi kubwa hadi ya kati, nikapata lingine: ya kati inabana masikio. Nimepasua sentimita mbili za mshono chini ya kila sikio, na limetosha. Mvua ikinyesha wavu unalegea, ile mikunjo inalala, na nywele za kope zinaanza kusugua. Siku za mvua simvalishi, na kwa kweli nzi nao huwa hawapo. Ukingo wa kitambaa laini unaozunguka wavu ni mzuri kwa ngozi ya mzee, ila unakusanya mbegu za nyasi, zile zenye miiba midogo. Mbegu moja ikiingia ndani ya kinyago haina pa kutokea, inabaki inazunguka juu ya jicho siku nzima. Napitisha kidole kwenye ukingo wote kabla ya kumvika. Nafua kwa maji matupu, au sabuni kidogo inayosuuzwa mara tatu. Ni vizuri kuwa na viwili vya kupokezana, kwa sababu kimoja hakikauki kwa wakati. Usiku kinatoka, maana jua halipo na yeye anahitaji kuona.

Asubuhi na jioni, kabla ya kukivaa na baada ya kukivua, namkagua macho kwa tochi. Nampiga picha kwa simu, kila Jumapili, nimesimama palepale, mwanga uleule. Kwa jicho la kila siku huoni mabadiliko. Ukiweka picha ya leo karibu na ya wiki sita zilizopita unayaona. Halafu napapasa chini ya taya, kushoto na kulia, nitafute tezi iliyovimba, kwa sababu saratani hii ikitembea, huko ndiko huanzia.

Ni picha hizo zilizonionyesha kwamba umerudi, miezi 14 baada ya upasuaji. Safari hii ukingoni mwa kope la chini, na haukuwa mkubwa, ila daktari alipoinua kope tukaona umeshalishika jicho lenyewe. Tulizungumza kuhusu kuugandisha kwa naitrojeni, tukazungumza kuhusu mionzi, ambayo inahitaji kituo chenye vifaa na safari ndefu kwa mzee wa miaka 26. Jicho lilikuwa linafumbwa nusu muda wote. Nikasema litoke.

Nilichokuwa naogopa ni nusukaputi. Daktari alikiri kwamba kumlaza farasi si sawa na kumlaza mbwa: karibu 1 kati ya 100 hapiti salama hata kwa upasuaji usiohusu tumbo, na mzee anaweza kuvunjika mguu wakati wa kuinuka. Kwa hiyo jicho lilitolewa akiwa amesimama, kwa dawa ya kumtuliza na ganzi ya mishipa ya fahamu. Kope zikashonwa pamoja. Mimi nilishika kichwa na kuangalia kwato zake muda wote.

Siku ya tatu nilimkuta amelala ubavu, miguu ameinyoosha, anakoroma. Nikashtuka, nikakimbia. Akainua kichwa, akanitazama kwa jicho lililobaki, akalala tena. Miezi kadhaa nilikuwa sijamwona akilala hivyo, na wala sikuwa nimetambua kwamba ameacha. Hilo ndilo ninalojilaumu kuliko zile siku kumi na moja.

Farasi mwenye macho mawili huona karibu nyuzi 350 kumzunguka. Baka alipoteza karibu upande mzima wa kulia, na wiki ya kwanza nyonga yake iligonga mwimo wa mlango mara mbili. Baadaye akajifunza kugeuza shingo kabla ya kuingia. Jike anayeishi naye amehamia kulia kwake, wakila anakuwa huko. Sijui kama ni huruma au majani ya huko ni matamu. Mimi namwita jina kabla ya kufika, namgusa bega, ndipo nasogea. Kijana anayenisaidia alisahau mara moja, akapigwa teke la hewa lililomfundisha zaidi ya maneno yangu.

Sasa kinyago kinalinda jicho la kushoto, ambalo kwa bahati liko nje ya baka, ngozi yake ni nyeusi. Upande wa kulia nimeushonea kitambaa kwa ndani ili wavu usisugue kovu. Nakipa nyota nne. Ya tano ninaizuia kwa sababu ya velkro: ni pana mno na ncha yake hujikunja kwa nje, inanasa nywele za shingo, na baada ya mwaka haishiki tena. Pia kelele yake. Mwanzoni, nilipoivuta upande asiouona, alirusha kichwa nusura anivunje pua. Siku hizi naanza na kamba ya kushoto, aione na aisikie, halafu nazunguka kwenda kulia nikiwa nazungumza. Nikiivuta ya kulia yeye keshashusha kichwa, anangoja tochi.