Motowei bila bega: tathmini ya maeneo ya dharura, X nyekundu na rada za Uingereza

Dereva wa Nairobi au Dar akifika Uingereza hapati taabu ya upande, kushoto ni kushoto. Aliyejifunzia Bujumbura, Bukavu au Muscat ndiye mwenye mazoea ya kuvuta gari kulia likianza kusumbua. Lakini wote wawili wakiingia M4, motowei (barabara kuu ya mwendo kasi) kati ya London na Reading, watakuta jambo lile lile: pale ambapo bega la barabara, yaani ukanda wa pembeni wa kusimama gari likiharibika, lingekuwa, pana malori yanayotembea. Bega limegeuzwa leni.

Motowei hizi "smati" ziko za aina tatu, na watu huzichanganya. Ya kwanza haina neno: bega lipo, kinachobadilika ni kikomo cha mwendo kwenye mabango ya juu. Ya pili ilianzia M42 karibu na Birmingham mwaka 2006, ambapo bega hufunguliwa saa za msongamano na kufungwa ukipungua. Hiyo ilichanganya madereva kiasi kwamba mwaka 2020 serikali yenyewe iliamua kuachana nayo. Ya tatu ilianza M25 mwaka 2014. Hapa bega limeondolewa kabisa, usiku na mchana, na badala yake unapewa maeneo ya dharura, kamera, rada na mabango. Hiyo ya tatu ndiyo tunayoipima.

Tuanze na eneo la dharura lenyewe, maana ndicho kitu bora katika mpango mzima. Ni kipande cha pembeni chenye urefu wa mita 100 na upana wa mita 4.6, kimepakwa rangi ya machungwa isiyoweza kukupita, na kina bango la buluu lenye alama ya simu na herufi SOS. Kwa upana huo ni salama kuliko bega la zamani, ambalo lilikuacha umesimama hatua moja tu kutoka kwenye malori. Simu yake huenda moja kwa moja kituo cha udhibiti, na anayepokea anajua uliposimama bila wewe kutaja. Kwa mgeni asiyejua majina ya mitaa hilo ni jambo kubwa. Kama kifaa, tungekipa alama za juu.

Tatizo ni umbali wa kukifikia. Kwenye majaribio ya M42 maeneo hayo yalikuwa karibu kila mita 500. Mpango ulipopanuliwa, nafasi iliruhusiwa kufika kilomita 2.5. Piga hesabu: kwa maili 60 kwa saa, kilomita 2.5 ni zaidi ya dakika moja na nusu, na hiyo ni kwa gari zima. Gari lililozima injini likiserereka kwenye tambarare kwa kawaida halifiki huko. Mwaka 2020 serikali ilikubali nafasi isizidi maili moja kwenye barabara mpya, kisha ikatenga pauni milioni 390 kuongeza maeneo zaidi ya 150 kwenye zile za zamani. Januari 2022 ujenzi wa barabara mpya za aina hii ulisimamishwa, na Aprili 2023 ukafutwa. Zilizokwisha kujengwa zimebaki, na bega halikurudishwa.

Rada ndiyo iliyotakiwa kuziba pengo hilo. Kazi yake ni kugundua gari lililosimama ndani ya sekunde 20, na kiwango kilichowekwa ni kulipata walau mara 80 kati ya 100. Desemba 2022 mdhibiti wa barabara, ORR, alitangaza kwamba mfumo haukuwa umefikia viwango vyake, na National Highways, shirika linaloendesha motowei hizi, ikalazimika kuurekebisha. Lakini hata ukifanya kazi ipasavyo, zitazame hizo sekunde 20 kwa karibu. Lori lenye kidhibiti mwendo huenda kilomita 90 kwa saa, yaani mita 25 kila sekunde. Kabla rada haijasema lolote, lori limekula mita 500. Bado mtu wa kituoni hajaangalia kamera wala hajafunga leni. Halafu kuna umeme: Aprili 2024 kipindi cha Panorama cha BBC kilionyesha kwamba mifumo hii ilikuwa imezimika mara mamia. Bega la lami halizimiki.

X nyekundu yenyewe inafanya kazi, mradi watu waitii. Ikiwaka juu ya leni, leni imefungwa, hata kama huoni kitu mbele, na inabaki imefungwa mpaka bango jingine liseme vinginevyo. Tangu Juni 2019 kamera zinaweza kumnasa anayepita chini yake: pauni 100 na pointi 3 kwenye leseni. Adhabu ni hiyo hiyo kwa anayeingia eneo la dharura ili ajibu simu au ale chipsi.

Sasa gari likikorofisha. Washa taa za hazadi mara tu unaposikia dalili, usingoje lisimame, na anza kusogea kushoto. Tairi likipasuka usisimame pale pale ili kuokoa rimu, tambaa nalo mpaka njia ya kutokea au eneo la dharura, rimu inanunulika. Injini ikizima usirudishe ufunguo mpaka mwisho wa kuzimia, usukani unaweza kujifunga. Usukani utakuwa mzito, na breki zitabaki na nguvu za kukanyaga mara chache tu, kwa hiyo usizichezee. Magari mengi ya umeme na yale yenye hendibreki ya kubonyeza yakikosa umeme hujifunga magurudumu, hayasukumiki. Hayo yaingize pembeni yakiwa bado yana uhai.

Ukishindwa kufika na umesimama leni ya kushoto, watu wote watoke kwa milango ya kushoto, dereva naye apenye huko huko, wavuke kingo ya chuma kama wanaweza. Wasisimame mbele ya gari: likigongwa, huko ndiko linakosukumwa. Warudi nyuma kidogo, upande magari yanakotokea, wakiwa nje ya kingo. Ukikwama leni za kati, baki ndani na mkanda umefungwa na hazadi zinawaka. Kwa hali zote mbili piga 999. Namba 0300 123 5000 ya National Highways ni ya aliyekwisha fika mahali salama. Ukiulizwa uko wapi, soma kibao kidogo cha buluu cha pembeni: kina jina la barabara, herufi A au B inayoonyesha upande, na namba ya umbali. Msomee kama kilivyo.

Na ile pembetatu iache kwenye buti. Kwetu sheria inaitaka na asiyekuwa nayo hutandaza matawi, lakini kwenye motowei ya Uingereza hairuhusiwi, kwa sababu safari ya miguu ya kwenda kuiweka ndiyo inayoua. Kubadilisha tairi nako usijaribu.

Jambo ambalo wenye bima ya brekidauni hawaambiwi wanapolipia: fundi wa AA, kampuni ya kuokoa magari yaliyokwama, hasimami kwenye leni iliyo wazi. Atangoja X iwashwe na maofisa wa barabara wafike kwanza. Kwa hiyo kadi yako ya uanachama inaanza kuwa na thamani baada ya leni kufungwa, si kabla.

Kuondoka eneo la dharura ndiko kunakosahaulika zaidi. Kwenye bega la zamani ulikuwa na nafasi ndefu ya kuongeza mwendo kabla ya kujichomeka. Hapa zile mita 100 zimejumuisha mshazari wa kuingilia na wa kutokea, hivyo hujafikia mwendo wa wenzako kabla hujaikuta leni yenye lori la tani 44 nyuma yako. Inua simu ya SOS kwanza, sema gari limepona na unataka kutoka, kaa ndani mkanda umefungwa. Watawasha X kwenye leni ya kushoto au kupunguza mwendo wa walio nyuma, halafu ndipo uondoke.