Darasa la ngumi linaloanza na miguu

Mwezi Februari nilijiandikisha katika darasa la jioni la ngumi kwenye ukumbi mmoja wa Magomeni, Dar es Salaam, nikiwa na glovu mpya na hamu kubwa ya kulipiga begi. Glovu hizo zilikaa ndani ya mkoba wiki tatu nzima. Mwalimu, bondia mstaafu ambaye wanafunzi wote humwita Mzee, hamruhusu mgeni kurusha konde hata moja kabla hajaridhika na namna anavyosimama na anavyohama.

Zoezi la kwanza ni la kamba ya katani, iliyozidi kidogo upana wa mabega, ambayo hufungwa kwenye vifundo vya miguu. Mwanafunzi akienda mbele, mguu wa mbele hutangulia na wa nyuma hufuata. Akienda kulia, wa kulia hutangulia. Akijisahau akapishanisha miguu, kamba humnasa. Siku ya kwanza nilianguka mara mbili, nikaona ni mchezo wa kitoto. Tulipoanza mapambano ya mazoezi ndipo nilipoelewa, kwa sababu aliyepishanisha miguu huangushwa hata kwa kusukumwa bega, na konde lake halina uzito: nguvu ya mkono wa nyuma huanzia ardhini, hupanda pale kisigino cha nyuma kinapogeuka, hupita kwenye nyonga na bega, ndipo hufika kwenye ngumi. “Mwanangu, unapiga kwa mkono mtupu,” Mzee aliniambia, akinigonga unyayo kwa ufagio.

Somo lililonifaa zaidi ni la kumkabili bondia wa mkono wa kushoto. Ukiuweka mguu wako wa mbele upande wa nje wa mguu wake wa mbele, mkono wako wa kulia hupata njia iliyonyooka hadi kidevuni mwake, naye hulazimika kugeuka kwanza ili akufikie. Ni suala la hatua moja fupi, na tulilirudia jioni nne mfululizo. Hapo Mzee hupenda kumtaja Vasyl Lomachenko wa Ukraine, bingwa wa Olimpiki wa mwaka 2008 na 2012, ambaye utotoni baba yake alimpeleka kucheza ngoma za jadi za kwao.

Kinachosikitisha ni kwamba ukumbi wenyewe hauendani na mafunzo hayo. Nusu ya sakafu ni vigae, vinavyoteleza jasho likidondoka. Nusu nyingine ni saruji tupu, na magoti yangu yalilalamika hadi Aprili. Ulingo haupo, bali kamba zilizofungwa kwenye nguzo nne, zikizunguka eneo ambalo kwa makadirio yangu halifiki mita 4 kila upande, ilhali ulingo wa Olimpiki una mita 6.1 ndani ya kamba. Anayezoea ufinyu huo hujifunza kubana, si kuzunguka. Jumatatu hali huwa mbaya zaidi, kwani wanafunzi hupita ishirini na kila hatua ya pembeni humkanyaga mtu.

Ada ya shilingi 40,000 kwa mwezi naiona ya haki kwa mwalimu wa aina hii, ingawa kwa ukumbi huo ni ghali. Nimelipia miezi mitatu mingine. Anayetaka kujiunga aende Ijumaa, siku yenye watu wachache, na aache nyumbani raba za kukimbilia zenye soli nene. Viatu vya soli bapa na nyembamba vitamsaidia kuisikia sakafu.