Betri ya Lithiamu au ya Asidi: Ipi Inakula Hela Zaidi?

Karibuni tena. Hapa mezani nina betri mbili za volti 12, zote zimeandikwa Ah 100, yaani ampia-saa, kipimo cha umeme ambao betri inabeba. Hii ya asidi inakaribia kilo 30, jamani, mgongo unauma. Hii ya lithiamu ni kama kilo 12, naibeba kwa mkono mmoja. Kwenye bei, lithiamu huwa mara mbili hadi tatu ya mwenzake, na hapo ndipo wengi hugeuza miguu.

Msigeuke kwanza, tupige hesabu. Betri ya asidi, hata hizi zilizotengenezwa kwa sola, haipendi kushushwa chini ya nusu. Ukiikamua mpaka mwisho kila usiku, unaiua. Kwa hiyo kwenye Ah 100 unatumia 50, yaani uniti 0.6 ya umeme. Tuseme imestahimili mizunguko 500 (kuitumia na kuichaji tena ni mzunguko mmoja), tena kwa matunzo: imekupa uniti 300 maisha yake yote. Lithiamu, nasema hii ya fosfeti ya chuma, inatoa asilimia 80 bila kulalamika, takriban uniti 1 kila mzunguko. Ikifika mizunguko 3000, ni uniti 3000. Mara kumi! Hata ukiilipia mara tatu, kila uniti imekutoka kwa chini ya theluthi ya gharama ya asidi.

Na bado kuna mawingu. Jua likikosekana siku kadhaa, betri ya asidi inakaa nusu nusu, salfeti inaganda kwenye sahani zake, na uwezo unapungua taratibu. Lithiamu kukaa nusu haiisumbui kabisa.

Sasa, kama umeme kwako unakatika mara moja moja tu, mimi nisingekushauri lithiamu. Hiyo mizunguko 3000 utaitumia lini? Chukua asidi, iache kwenye chaji, angalia maji yake, na isikae chumba kisichopitisha hewa, maana ikichajiwa inatoa haidrojeni.

Ukiamua lithiamu, hakikisha chaja yako ina mpangilio wa lithiamu, la sivyo ongeza bei ya chaja kwenye hesabu. Na muulize muuzaji BMS ya ndani, yaani saketi inayoilinda betri, inaruhusu ampia ngapi. Inveta ya wati 2000 ikifanya kazi kwa nguvu zote inavuta zaidi ya ampia 160 kwenye volti 12. BMS ya ampia 100 itakata, na wewe utabaki unailaumu inveta.