Oxervate: matone yaliyofunga kidonda cha jicho la Mama

Mama alipata mkanda wa jeshi upande wa kushoto wa uso, malengelenge yakashuka hadi ncha ya pua. Daktari alipoiona tu ile pua akasema jicho nalo limo hatarini, kwa kuwa tawi moja la neva linahudumia vyote viwili. Vidonge vikakausha malengelenge, maumivu yakaisha, tukamshukuru Mungu. Kumbe virusi vilishaharibu neva za konea, kile kioo cha mbele ya jicho. Neva hizo ndizo zinazoamsha machozi na kupepesa, na ndizo zinazoilisha konea yenyewe. Kidonda kikafunguka na Mama hakusikia chochote. Kliniki walimgusa kwa ncha ya pamba: jicho la kulia liliruka, la kushoto halikutikisika.

Machozi ya bandia hayakusaidia. Zikabaki njia mbili, kushona sehemu ya kope au kujaribu Oxervate.

Dawa yenyewe ni cenegermin, protini inayofanana na ile ya mwilini inayokuza neva, ambayo ugunduzi wake uliwapatia Rita Levi-Montalcini na Stanley Cohen Tuzo ya Nobel mwaka 1986. Marekani iliidhinisha matone haya 2018. Katika majaribio mawili, konea ilipona kabisa ndani ya wiki 8 kwa asilimia 70 ya walioyatumia, na asilimia 28 tu ya waliopewa matone yasiyo na dawa. Hapo ndipo nilipokubali.

Sasa kazi. Tone moja, mara 6 kwa siku, kwa wiki 8. Sisi tulianza saa 2 asubuhi, kisha saa 4, saa 6, saa 8, saa 10, na la mwisho saa 12 jioni. Vichupa vinakaa kwenye friji, wala havitikiswi. Kila siku unafungua kipya, na saa 12 tangu kukifungua zikipita unakitupa hata kama dawa imebaki; roho inauma, lakini ndivyo inavyotakiwa. Kila tone lina pipeti yake mpya, na lazima uangalie kiputo cha hewa kisiingie. Vidole vya Mama vimekakamaa kwa baridi yabisi, asingeweza peke yake. Mimi na mdogo wangu tulipeana zamu kufuatana na shifti zetu.

Mwanzoni Mama hakuhisi tone likiingia. Baadaye akaanza kusema, “Mwanangu, linachoma.” Nikapiga simu kliniki, wakasema maumivu ya jicho ni athari inayojulikana ya dawa hii, tuendelee huku wakimfuatilia. Mwisho wa dozi walimtia ile rangi ya kupimia, wakamulika kwa mwanga wa buluu. Hapakuwa na doa la kijani. Kidonda kimefungwa.

Kovu limebaki, na Mama anasoma herufi kubwa tu kwa jicho lile. Dawa haifuti kovu, kwa hiyo msisubiri. Ninaipa nyota nne kati ya tano.

Bei ndiyo inayotisha: dozi nzima hapa Marekani hufika karibu dola 100,000. Bima yetu ilikubali baada ya daktari kuandika barua yenye picha za kidonda na matokeo ya kipimo cha pamba. Ombeni barua hiyo siku ileile ya kipimo.