Tathmini: Daftari la Fedha la Safu Mbili kwa Mjasiriamali Kijana

Daftari la fedha lenye safu mbili kila upande, moja ya taslimu na nyingine ya benki, nalithamini kuliko programu nyingi za simu ambazo kijana anayeanza biashara huhimizwa kuzipakua. Programu hujumlisha yenyewe, na mtumiaji akaona salio pasipo kujua limepatikanaje. Daftari humlazimu ajumlishe mapokezi upande wa kushoto na malipo upande wa kulia, kisha alinganishe salio la taslimu na fedha zilizomo kwenye droo kabla ya kufunga hesabu za siku. Zisipolingana, ipo stakabadhi isiyoandikwa au fedha iliyotoka bila maelezo, na ni rahisi zaidi kuitafuta jioni hiyohiyo kuliko mwisho wa mwezi.

Safu ya benki ndiyo yenye mafunzo makubwa. Fedha za mauzo zinapopelekwa benki, muamala huo mmoja huandikwa pande zote mbili: taslimu imetoa, benki imepokea. Hapo kijana anakutana, pengine bila kujua, na uwekaji hesabu wa pande mbili ambao Luca Pacioli, mtawa na mwanahisabati wa Italia, aliufafanua katika kitabu kilichochapwa Venice mwaka 1494. Kadhalika, fedha anayochukua kwa matumizi ya nyumbani hupewa mstari wake na jina lake, badala ya kujificha ndani ya gharama za biashara. Kwangu mimi, tabia hiyo peke yake yatosha kuhalalisha ununuzi.

Hata hivyo, mnunuzi sharti ajue kwamba daftari hili halionyeshi faida. Mtu aliyenunua bidhaa za 600 kwa taslimu akaziuza zote kwa 900, huku 400 kati ya hizo zikiwa bado kwa wateja waliokopa, amepata faida ya 300, lakini daftari litamwonyesha 500 tu zilizoingia, yaani pungufu ya 100 kwa alizotoa. Asipokuwa na daftari jingine la wadaiwa, atadhani amepata hasara. Au, jambo la hatari zaidi, atashangilia faida huku akiendelea kukopesha hadi akose fedha za kununulia bidhaa nyingine.

Chagua lenye nafasi pana ya maelezo na kurasa zilizopigwa namba, ili ukurasa ukichanwa ijulikane. Programu ya simu inafaa baadaye, miamala ikishakuwa mingi, na aliyezoea kulinganisha salio kwa mkono atajua pa kukagua pindi takwimu zake zinapotia shaka.